Tokeni ya Waru na Kina Wangui

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimesimama mbele ya watu! Mimi, Waithaka Muturi, ambaye tangu ile biashara yangu ya kware ianguke watu wa Mau Narok huanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Leo hawakucheka. Sawa, Peterson alicheka. Lakini Peterson hucheka hata mazishini.

Niandike vizuri, siku nikiwa mtu mkubwa wasije wakasema nilibahatisha. Baada ya ibada kulikuwa na mkutano wa kikundi chetu cha wakulima wa waru, yaani viazi. Shida ni ileile ya kila msimu: stoo ya baridi. Tuliijenga sote, lakini ni ndogo, na nafasi ni ya anayefika kwanza. Anayefika kwanza ni mwenye lori. Mwenye lori ni Peterson. Huyu ni broka, dalali wa mazao. Hajawahi kushika jembe, tope hulijua kwa kulikanyaga tu, lakini msimu uliopita alijaza stoo mpaka mlango ukagoma kufungwa. Tata Wangui, dada ya marehemu baba, akalaza mbegu zake nje chini ya turubai. Mvua ikaja. Zikaoza zote. Mimi ndiye nilimsaidia kuzizika, na harufu yake haijanitoka puani mpaka leo.

Leo Tata alisimama akasema, bila kupandisha sauti, kwamba wiki ijayo anachimba, na mbegu zikikosa stoo tena, basi. Hapandi tena. Shamba atamkodishia Peterson. Akakaa. Kina Wangui wengine, binamu zake, walikuwa wamejipanga nyuma yake kwenye benchi, wote na lile paji pana na ule mwanya wa bibi yetu mkuu, wakatingisha vichwa pamoja. Baada ya mama kufa nililelewa kwenye mteremko ule wa Tata. Kila nilichokula nikiwa mdogo kilitoka kwenye udongo ule. Halafu Peterson aegeshe lori pale?

Ndipo nikajikuta nimesimama. Nikawaambia dawa ni tokeni. Kila mwanachama apokee tokeni kwenye simu yake, tokeni moja ni nafasi ya gunia moja. Huna tokeni, huingizi gunia, hata uje na lori kumi. Na zinadondoshwa kwa watu wote kwa mpigo mmoja. Huko duniani wanaita airdrop, yaani kudondosha kutoka angani. Mimi nimeibatiza mdondosho.

Mzee Kimaiyo, mwenyekiti, akauliza kama itakuwa siku ileile ndege inanyunyizia ngano dawa, ama hii ni ndege tofauti. Nikamweleza hakuna ndege. Akaonekana kuvunjika moyo kidogo. Chepkemoi, katibu wetu, akauliza swali la maana zaidi: nani atapata ngapi, na nani ataamua? Nikasema hiyo ni kazi ya mtaalamu. Wakauliza mtaalamu ni nani. Nikatazama chini kwa unyenyekevu mpaka wakaelewa.

Kuna jambo moja sikuwaambia. Kila mwanzilishi wa tokeni hujiwekea fungu lake. Ni kawaida kabisa, ulimwengu mzima. Nimefikiria robo. Nikiwa na robo ya stoo, dada yangu Cate ataacha kuniuliza nitahama lini kutoka kwa kile chumba cha nyuma ya nyumba yake Kiamunyi.


Jumatatu, 4 Agosti

Usawa ni kitu gani? Nimekaa na swali hilo tangu chai ya asubuhi. Sikujua ni tamu hivi! Ni kama kumenya kitunguu, kila ganda lina lingine ndani.

Nikigawa sawa kwa kila mtu, mwenye vijishamba viwili atapata sawa na mwenye ekari kumi. Mwenye ekari kumi atalia. Nikigawa kwa magunia ambayo mtu alileta msimu uliopita, Peterson anachukua yote, maana alinunua waru za watu wote akazileta kwa jina lake. Nikigawa kwa miaka ya uanachama, wazee watajaza stoo na vijana watalala na waru zao kitandani. Nikigawa kwa kuhudhuria mikutano, atashinda Mzee Gitonga, ambaye huhudhuria yote na hulala yote.

Kila njia ina mlango wa nyuma. Na kwenye kila mlango wa nyuma namwona Peterson amesimama anacheka. Kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kugawa ni kugumu kuliko kulima? Cate amenikuta naongea na ukuta. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia niko kazini. Akasema afadhali, kwa sababu sufuria imeisha.


Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya utafiti! Shule zimefungwa, watoto wa Cate wako nyumbani, na Cate alikuwa amepika chapati za mchana kisha akatoka kwenda kwa shughuli zake. Nikaona hiyo ni maabara kamili. Nikatangaza mdondosho wa chapati.

Awamu ya kwanza, sawa kwa sawa. Mdogo kabisa alimega kidogo, akaiacha, nyingine akaikalia. Wakubwa wakamlalamikia. Awamu ya pili, kwa kazi: aliyesaidia kukanda unga apate zaidi. Ghafla wote walikuwa wamekanda, hata yule aliyekuwa bado amelala. Awamu ya tatu, nikarudi kwa usawa lakini nikasema kila mtu aje mlangoni, achukue yake, aondoke. Hapo ndipo nilipoona ajabu. Kimberly, binti wa kwanza wa Cate, alikuja na sweta nyekundu, akachukua. Kisha akaja mtu mwingine na sweta ya kijani na kofia ya baba yake. Nikampa. Kisha akaja mwingine na leso kichwani, sauti nzito, akisema ametoka Njoro. Nikampa huyo pia, kwa heshima ya mgeni.

Nilipogundua, chapati zilikuwa zimekwisha na Kimberly alikuwa anajilamba vidole. Sikukasirika. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia! Hilo ndilo gonjwa la midondosho yote duniani: mtu mmoja, sweta nyingi. Kama unaweza kujua nani ni mtu kweli na nani ni sweta tu, basi kugawa sawa ni rahisi, kila mtu wa kweli apate sawa na mwenzake. Yote yanarudi hapo. Peterson hatakuja na lori. Atakuja na sweta.

Cate amerudi akauliza chapati ziko wapi. Nikamweleza kuhusu sayansi. Leo sina chakula cha jioni.


Jumatano, 6 Agosti

Nimeshuka Bondeni, pale mjini Nakuru, kumwona Kipyegon, rafiki yangu wa kompyuta. Ana kichumba karibu na washonaji, anatengeneza simu na kuandika programu. Fundi mzuri, lakini hana maono. Hiyo sehemu ni yangu.

Nilimweleza habari ya sweta. Akasikiliza, akasema hiyo ni rahisi: kila mwanachama ashuhudiwe na majirani wawili waliopakana naye ua. Mtu hewa hana ua, kwa hivyo hana jirani. Nilimcheka, kwa upole. Nikamwambia tunaingia kwenye enzi mpya, na yeye anataka turudi kwa udaku wa kwenye ua! Jirani anaweza kununuliwa. Jirani anaweza kununa. Kompyuta hainuni.

Sheria yangu ni hii, na nikisema mwenyewe, ni nzuri sana. Mtu mvivu akijisajili mara nyingi atarudia jina lake. Kwa hivyo kompyuta ikikuta watu wawili wenye majina yaleyale, la kwanza na la ukoo, ijue huyo ni mtu mmoja mwenye sweta, na iwatoe wote. Hakuna huruma. Na ikishadondosha, hakuna wa kubadilisha, hata mimi, ili nisije nikahongwa. (Nani angenihonga? Lakini ni vizuri kujilinda.)

Kipyegon akakuna kichwa. Akasema kwao mtoto hupewa jina kulingana na wakati aliozaliwa, na darasani kwao kulikuwa na kina Kiprugut wengi mpaka mwalimu aliwaita kwa viti walivyokalia. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia hilo ni jambo la kwenu, waambie watu wako waongeze jina la tatu. Kwetu majina yamepangika vizuri.

Akaandika. Nikamwambia pia aweke fungu la mwanzilishi, robo, kwa jina langu kamili. Akaniangalia. Nikamwambia ni kawaida. Akaandika hilo pia.


Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya kusajili! Tumeweka meza sokoni Mau Narok, kando ya wauza kabichi. Kibaridi cha kukata masikio. Watu walipanga foleni na simu zao, nyingi kabambe, zile za vitufe, lakini Kipyegon alikuwa amepanga kila kitu kipite kwa ujumbe wa kawaida. Mwenye simu yoyote anaingia. Kwa hilo nampa sifa.

Nilikuwa nauliza kila mtu maswali, si kwa sababu ya programu, ni vile nilitaka kujua. Ungependa kugawiwaje? Mathe mmoja alisema apewe kulingana na watoto. Nikauliza ana wangapi. Akasema bado anaendelea. Mwingine alisema wapewe wanaolima kwenye mteremko mkali kwanza, kwa sababu magoti yao yamechakaa. Hiyo sikuwa nimeifikiria! Magoti! Nilikuwa na hamu ya kukaa pale wiki nzima.

Binamu yangu wa duka la viatu alipanda kutoka Bondeni kujisajili, maana baba yake alimwachia kile kipande cha juu. Kina Wangui walikuja kwa kundi, wakicheka, wakisukumana. Tata alikuwa wa mwisho. Hakucheka. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko, ameshaanza kuchimba upande wa juu. Akaniuliza tu jambo moja: kijana yangu, hii kitu inafanya kazi? Nikamwambia, Tata, niamini. Akasema aliniamini na kware pia. Lakini akajisajili.

Halafu nikamwona! Peterson kwenye kile kibanda cha simu kule mbele, akitoka na laini mpya za simu amezishika kama karata. Nilificha uso nyuma ya kabichi kwa furaha. Anashona sweta! Aende, ashone. Mtego uko tayari. Nimelala kidogo mchana nikiota uso wake.


Jumatatu, 11 Agosti

Siwezi kuandika vizuri.

Tulikutana mbele ya stoo baada ya chai ya saa nne. Kila mtu na simu mkononi. Kipyegon akabonyeza. Mdondosho!

Simu ya Chepkemoi ikalia. Ya Mzee Kimaiyo ikalia, akaruka kidogo. Huku na kule, tii, tii. Watu wakaanza kupiga makofi. Kisha koti la Peterson likaanza kulia. Likalia na kulia. Mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, mfuko wa ndani, soksi! Alikuwa anaruka na kutetemeka pale, na bado anacheka.

Na Tata amesimama, simu kimya. Kina Wangui wote kimya. Kina Muturi wote kimya. Upande mzima wa mteremko wetu, kimya. Nikatazama yangu mwenyewe nikingoja ile robo. Kimya!

Nikamkimbilia Kipyegon. Akanionyesha orodha. Kompyuta ilikuwa imewatoa. Wangui Muturi, Wangui Muturi, Wangui Muturi. Ikaona mwanamke mmoja mwenye tamaa ya ajabu. Na mimi je? Waithaka Muturi wa kwanza ni mimi. Waithaka Muturi wa pili ni binamu yangu wa viatu. Tukatolewa sote wawili kama wezi, na robo yangu ikatolewa nami.

Bibi mkuu alikuwa Wangui. Wanawe wote, kila mmoja akamwita binti yake wa kwanza kwa jina la mama yake, kama inavyotakiwa, na wana wa wanawe vivyo hivyo. Hata mtoto wa Cate ni Kimberly Wangui! Jambo ambalo kila mtu anajua tangu akiwa mgongoni. Lakini nani hufikiria jambo ambalo anajua? Kanisani tunawatambua vizuri tu: Wangui wa Kona, Wangui wa Mabati, Wangui wa Redio. Hakuna anayechanganyikiwa. Kompyuta ndiyo ilichanganyikiwa.

Na Peterson? Huyo hakurudia jina hata moja. Alifungua Agano la Kale kule karibu na mwisho akashuka na majina. Habakuki Obadia. Zefania Nahumu. Hagai Malaki. Kompyuta ikaona manabii wote tofauti, ikawabariki.

Nikamwambia Kipyegon abadilishe. Akanikumbusha nilivyosema: hakuna wa kubadilisha, hata mimi.

Nilipogeuka, Tata alikuwa ameshaanza kuteremka kwenda shambani. Heri angenitukana.


Jumanne, 12 Agosti

Nimeenda kumsaidia Tata kuchimba. Ni yeye na kina Wangui wawili. Mbegu nzuri sana, saizi ya yai, ngozi safi. Zimelala kwenye mifereji zinangoja mahali pa kwenda. Angani wingu zito upande wa Mau.

Peterson alipita kwa mguu na watu wake wa lori, mikono mgongoni, akatazama shamba kutoka kona hadi kona kama mtu anayechagua mahali pa kuweka kitanda. Akamsalimia Tata kwa heshima nyingi. Akasema akiwa tayari wazungumze, hana haraka. Tata akaendelea kuchimba. Mimi nikamwambia Peterson aondoke. Akaniuliza, wewe ni nani? Sweta gani hiyo? Kumbe habari ya sweta ilishamfikia. Watu wa Peterson wakacheka. Nilitaka kumrushia kiazi lakini ni mbegu.

Tulipopumzika, Tata akaniuliza nimweleze vizuri, polepole. Nikaeleza. Akataka kujua: kwa hivyo hiyo mashine iliona mimi ni wengi? Nikasema, iliona nyinyi wote ni mmoja. Akauliza, na Peterson, ambaye ni mmoja, ikaona ni wengi? Ndiyo, Tata. Akafikiria. Akauliza kama mashine imewahi kumwona Habakuki. Nikasema haioni mtu, inaona jina tu. Akauliza, sasa kama haioni mtu, nani aliiambia ni mtu?

Hilo swali ni zuri! Niliwaza nalo mpaka nikasahau kuchimba. Wangui wa Redio akanipiga na bonge la udongo.

Jioni Tata alizunguka mteremko wote, nyumba kwa nyumba, hajaniambia anaenda kufanya nini. Namwogopa akinyamaza.


Jumatano, 13 Agosti

Leo! Leo ni siku ya kuandikwa kwa wino mzito, lakini nina penseli.

Asubuhi nilipofika stoo, kina Wangui wote walikuwa mlangoni wamekaa juu ya magunia yao ya mbegu. Safu nzima ya mapaji yaleyale. Lori la Peterson liliegeshwa mbele yao linanguruma, haliwezi kupita bila kukanyaga ukoo. Peterson akapiga kelele kwamba ana tokeni, na sheria ni sheria. Akaniita mimi nithibitishe.

Sasa mimi nilikuwa na shida. Ni mfumo wangu! Nikajikuta nasema, kwa sauti ndogo, kwamba kweli kulingana na mdondosho, nafasi ni za Peterson na... na manabii. Wangui wa Mabati akaniangalia, nikatamani ardhi inimeze. Nikaongeza kwamba mnyororo wa tokeni, ile rejista ya kompyuta, haufutiki. Mzee Kimaiyo akasema mnyororo anauheshimu, lakini mlango una kufuli, na ufunguo uko kwenye mfuko wake.

Akaamua kila mwenye tokeni aitwe kwa jina, asimame, na aliyepakana naye ua aseme namjua. Ua! Kipyegon alikuwa amesimama karibu nami. Alikohoa tu, na nilielewa kikohozi kile.

Chepkemoi akaanza kusoma. Watu wakasimama, majirani wakaitikia, mambo yakaenda vizuri. Kisha akaita Habakuki Obadia. Kimya. Mzee Kimaiyo akavua kofia. Peterson akasema Habakuki amesafiri. Zefania Nahumu? Zefania ana malaria. Hagai Malaki? Hagai ni mtu wa aibu. Chepkemoi akauliza nani anapakana na Habakuki. Peterson akasema ni yeye. Na Zefania? Yeye. Na Hagai? Yeye pia. Chepkemoi akasema basi ua wa Peterson ni mrefu kupita barabara ya Nakuru. Watu walicheka mpaka Mzee Gitonga akaamka. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona Peterson hacheki. Lilikuwa jambo geni, uso wake haukujua ukae vipi.

Ndipo zamu ya waliotolewa. Tata alikuwa amewaambia wote waje. Wangui wa Kona, jirani akasema namjua. Wangui wa Redio, majirani wakasema wanamjua, na wanaomba apunguze sauti. Tata aliposimama, nusu ya mteremko iliitikia kwa pamoja. Binamu yangu wa viatu, pia akapata shahidi.

Kisha Chepkemoi akaita tena: Waithaka Muturi, mwanzilishi, robo ya stoo. Robo! Kipyegon alikuwa ameiacha pale pale nilipomwambia. Watu wote wakanigeukia. Robo? Tata akanigeukia. Mzee Kimaiyo akauliza, bila ubaya, nani anapakana ua na huyu.

Nilitazama huku na huku. Mimi naishi nyuma ya nyumba ya dada yangu huko Kiamunyi. Ua ninao? Sina ua. Sina mche. Hakuna aliyesema kitu. Kumbe hivi ndivyo Habakuki anavyojisikia. Nilisimama pale nikiwa jina tu, na masikio yakawaka moto.

Sauti ikatoka juu ya gunia. Tata. Akasema huyu namjua. Alilelewa ndani ya ua wangu, kwa hivyo ua wangu ndio wake. Robo asipewe hata ndotoni, lakini ni mtu, namshuhudia.

Niligeuka nikajifanya naangalia wingu. Sikujua kuna kitu mtu anaweza kupewa bila kugawiwa.

Kisha Tata akaniambia kama nimemaliza kuangalia mbingu, magunia hayajibebi. Nilibeba yake yote. Nikabeba ya Wangui wa Kona, na ya Mabati, na ya Redio. Mgongo umeisha. Mbegu za Tata ziko ndani, safu ya mbele, penye hewa nzuri. Peterson aliondoka na lori tupu, na msimu ukifika Tata anapanda.


Jumapili, 17 Agosti

Mgongo umepona, akili iko wazi.

Leo tumekula mukimo, waru zilizopondwa na mahindi, kwa Tata, amenifungia waru za kumpelekea Cate. Chepkemoi anasema kuanzia sasa nafasi za stoo zitagawiwa kwa ushahidi wa ua, na kila mtu anasema ni wazo zuri la Kipyegon. La Kipyegon! Lakini sina kinyongo. Nimekaa nikachunguza kwa utulivu ni wapi tulikosea.

Si sheria yangu. Sheria ilikuwa safi. Kosa lilikuwa kutumia majina! Jina mtu hupewa na wengine, linaazimwa, linarithiwa, linaokotwa kwenye Agano la Kale. Sura je? Sura haiazimwi. Sura ni yako peke yako.

Kuna kikundi cha maharagwe huko Njoro nao wana stoo na ugomvi. Nimeshawapigia. Mdondosho mpya: kila mtu apige picha, kompyuta ilinganishe, sura mbili zikifanana ijue ni mtu mmoja na sweta, iwatoe wote. Haibadilishwi, hata na mimi. Fungu la mwanzilishi safari hii nimeweka theluthi, kwa sababu nina uzoefu.

Mchana nilimpigia Kipyegon kumweleza. Akauliza, na mapacha? Dada yake ana mapacha. Nikamwambia hilo ni jambo la kwenu. Kwetu sura zimepangika vizuri.

Ili kumtuliza nikamtumia picha ya kujaribia, ile niliyopiga Jumatano, kina Wangui wote wamekaa mbele ya stoo wanacheka. Amenijibu sasa hivi. Kompyuta inasema kwenye picha hiyo kuna mtu mmoja.

Nimemwambia anunue kompyuta mpya.